Uwiano Mzuri Si Cheti cha Siha

Miongoni mwa mambo ambayo wanawake wa makamo wa miji yetu, tangu Mombasa hata Dar es Salaam, na tangu Nairobi hata Mwanza, wamezoea kuyapokea bila ya kuyahoji, ni ile karatasi ya majibu ya damu itolewayo maabara, yenye safu ya majina ya mafuta, safu ya tarakimu, na safu ya mipaka iitwayo ya kawaida. Na aghalabu chini kabisa ya karatasi hiyo pana mstari ambao, ingawa ni wa mwisho kuandikwa, ndio wa kwanza kusomwa, nao ni uwiano wa kolesteroli yote kwa kolesteroli nzuri. Tarakimu hiyo ikiwa haijafika tano, mwenye karatasi huambiwa kuwa hana neno, naye huikunja, akaitia mkobani, akenda zake. Dai langu ni kwamba kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi mstari ule, japo una manufaa yake na nasaba yake ya heshima, hautoshi kumpa amani hiyo, na kwamba limfaalo zaidi ni jambo ambalo karatasi moja haiwezi kumpa hata ingekuwa ndefu namna gani: kulinganishwa hali yake ya leo na hali yake mwenyewe ya kabla ya hedhi kukoma.

Kwanza tuupe uwiano haki yake, maana haukuzuka hivi hivi. Mwaka 1948, katika mji mdogo wa Framingham ulioko jimbo la Massachusetts nchini Marekani, matabibu walianza kuwafuatia wakaazi 5,209, wanaume kwa wanawake, wakawa wakiwapima kila baada ya miaka miwili na kungoja kwa subira kuona ni nani atakayeugua moyo na ni nani atakayesalimika. Na katika subira hiyo ndimo zilimozaliwa nyingi kati ya kauli ambazo leo kila mhudumu wa zahanati huzitamka kana kwamba zilikuwako tangu awali, za kuwa presha ya juu, sigara na kolesteroli ni ishara za maradhi yajayo. Katika miaka ya sabini wataalamu wa huko, akiwamo tabibu William Castelli ambaye jina lake limeshikamana na uwiano huu mpaka leo, walidhihirisha kwamba kolesteroli yote ikihesabiwa peke yake huwachanganya watu wa namna mbili mbalimbali: yule ambaye sehemu kubwa ya kolesteroli yake imechukuliwa na chembe za LDL, ziipelekayo mwilini na kuiacha katika kuta za mishipa, na yule ambaye sehemu isiyo haba imechukuliwa na chembe za HDL, zisadikiwazo kuiokota na kuirudisha kwenye ini. Kuigawanya jumla kwa HDL kulikuwa ndiyo njia ya mkato ya kuwatenganisha wawili hao, na kwa wanawake njia hiyo ilikuwa ni rehema hasa, kwa sababu wanawake kwa desturi wana HDL nyingi kuliko wanaume, na wengi wao wangalitiwa hofu bure na jumla yao iliyo kubwa.

Lakini Framingham hiyo hiyo ilitoa habari nyingine ambayo haikupata umaarufu ulioistahili. Mwaka 1976 ilitangazwa kwamba katika wanawake 2,873 waliofuatiwa kwa miaka 24, hakuonekana hata mmoja ambaye hedhi yake ilikuwa ingali ikija aliyepatwa na shambulio la moyo wala kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo, ilhali kwa wale waliokoma hedhi mambo hayo yalikuwa ya kawaida, hata kwa wasiotimiza miaka 55. Basi si umri peke yake, ingawa umri nao una kazi yake kubwa. Pana kitu kinachoondoka mwilini pamoja na hedhi, na kuondoka kwake huonekana katika mishipa ya damu kama kunavyoonekana katika usingizi uliokatikakatika na lile joto la ghafula limpandalo mama kifuani na usoni hali feni inazunguka.

Kitu hicho, kwa kadiri ya ilimu tuliyo nayo, kwa sehemu kubwa ni homoni ya estrojeni. Ini la binadamu lina vipokezi vyenye kuzinasa chembe za LDL na kuzitoa katika damu, navyo ndivyo vilivyowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein tuzo ya Nobel ya mwaka 1985. Estrojeni huvizidisha vipokezi hivyo, na inapopungua, navyo hupungua, ndipo chembe zile, zikikosa pa kupokewa, zikabaki zikizunguka siku nyingi zaidi na kupata nafasi zaidi ya kujipenyeza katika kuta za ateri. Uchunguzi uitwao kwa kifupi SWAN, uliowafuatia wanawake wa Marekani wa asili mbalimbali tangu miaka ya tisini, wakiwamo wenye asili ya Afrika, ulionyesha mwaka 2009 kwamba kupanda huku hakuji polepole kama kunavyokuja kuzeeka, bali hujikusanya katika muda mfupi ulioizunguka hedhi ya mwisho, mwaka mmoja hivi, ambamo kolesteroli yote na LDL hupanda kwa haraka isiyoonekana kabla yake wala baada yake. Ni nadra katika maradhi yasiyoambukiza kupewa onyo lenye majira yaliyo wazi namna hii. Na la ajabu ni kwamba mwaka wenyewe ndio ambao mwanamke wa kwetu hana miadi na tabibu yeyote, kwa kuwa uzazi wake umekwisha na uzee wake haujaanza.

Sasa tuione hesabu yenyewe, kwa kuwa humo ndimo ulimo udhaifu wa uwiano. Tuseme wako wanawake wawili waliopimwa siku moja. Wa kwanza kolesteroli yake yote ni milimoli 4.0 kwa lita, na HDL yake ni 1.0, wa pili yote ni 8.0, na HDL yake ni 2.0. Ukigawanya, wote wawili uwiano wao ni nne, na msomaji wa mstari wa mwisho atawapa jibu moja. Tukitia na trigliseridi, tuseme 1.1 kwa kila mmoja, tukaitumia kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, ambayo huondoa HDL na kisha trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2, tutaona kwamba LDL ya wa kwanza ni 2.5, na ya wa pili ni 5.5, na huyu wa pili, kwa miongozo ya Ulaya na ya Marekani pia, amekwisha kuupita mpaka wa 4.9 ambao juu yake mtu hupewa dawa bila ya kungoja dalili nyingine, na tena ahojiwe kama babake au mamake au ndugu zake hawakupatwa na moyo wangali vijana, maana yamkini kolesteroli hiyo ni ya kurithi. Ni kama wafanyabiashara wawili, mmoja ana deni la shilingi elfu nne na akiba ya elfu moja, wa pili ana deni la milioni nne na akiba ya milioni moja, kisha mtu akasema hali zao ni sawa kwa kuwa kila mmoja deni lake ni mara nne ya akiba yake.

Kwa hiyo wako wataalamu wengi siku hizi ambao wamerejea katika kutoa badala ya kugawanya. Chukua kolesteroli yote, ondoa HDL, na kinachobaki ndicho kiasi cha kolesteroli kilichomo katika chembe zote zenye kudhuru mishipa, si LDL peke yake. Hakihitaji kanuni, wala gharama ya ziada, wala mashine mpya, na kalamu ya mwalimu wa darasa la tatu yatosha. Mwanamke wa kwanza katika mfano wetu amebakiwa na 3.0, na wa pili na 6.0. Simwachii huyo wa kwanza asherehekee, kwani HDL ya 1.0 kwa mwanamke ni ndogo, mpaka wa chini uliozoeleka kwao ukiwa 1.3, na mara nyingi huambatana na tumbo lililojaa na sukari iliyokaribia kupanda. Lakini maradhi yake, akiwa anayo, ni mengine, na dawa yake ni nyingine.

Nilipata kuketi katika benchi la zahanati moja, nikimngoja jamaa yangu, nikayasikia mazungumzo ya mwalimu mstaafu, mama wa miaka hamsini na ushei, na kijana tabibu aliyemsomea majibu yake. Kijana alikuwa na adabu, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, kisha akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho akasema, "Mama, uwiano wako ni tatu nukta nne, mzuri kabisa, mafuta hayana shida." Mama akauliza swali ambalo naliona lilikuwa na tiba ndani yake kuliko jibu alilopewa: "Na nilipopimwa kabla sijaacha siku zangu, ilikuwa ngapi?" Kijana akafungua daftari, akalifunga, akasema ya zamani haiko, na kwamba ya sasa ndiyo ya maana.

Haikuwa kweli. Tuseme, kwa kukisia tu, kwamba miaka minne nyuma mama yule alikuwa na kolesteroli yote ya 5.0 na HDL ya 1.6, na kwamba sasa alikuwa na 5.7 na 1.7. Uwiano wake ungalikuwa umetoka 3.1 ukafika 3.4, na kote kuwili ni katika eneo la salama, hata kusiwe na wa kuhangaika. Lakini kile kibakicho baada ya kuondoa HDL kingalikuwa kimetoka 3.4 kikafika 4.0, yaani kimeongezeka kwa zaidi ya sehemu moja katika sita, na nyongeza hiyo haimo katika mstari wowote wa karatasi ya siku ile, kwa sababu karatasi ya maabara humfananisha mtu na kundi la watu asiowajua, haimfananishi na nafsi yake. HDL nayo ikipanda kidogo, kama inavyotokea kwa baadhi ya wanawake wanapokaribia kukoma, huuficha upandaji wa LDL ndani ya mgawanyo. Na jambo hilo lingalikuwa jepesi lau tungalikuwa na yakini kwamba HDL hiyo mpya inalinda kama ilivyokuwa ikilinda ya ujanani. Yakini hiyo hatunayo. Watafiti wa Pittsburgh, akiwamo Samar El Khoudary, wameonyesha kwamba baada ya hedhi kukoma HDL nyingi haiendi daima na mishipa safi, na mara nyingine huenda kinyume chake.

Hapa ndipo lilipo fundisho la tarehe ambalo lingepaswa kutufanya sote tuwe na hadhari. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioitwa HERS, uliofanywa kwa wanawake 2,763 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mioyo yao ilikuwa tayari na maradhi. Nusu walipewa homoni, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Homoni zile ziliteremsha LDL kwa asilimia 11 na kupandisha HDL kwa asilimia 10, yaani uwiano ulitengenea kama alivyotarajia kila mtu. Na baada ya miaka minne ya kungoja, mashambulio ya moyo hayakupungua hata kidogo, na katika mwaka wa kwanza yalikuwa mengi zaidi kwa waliomeza homoni. Miaka minne baadaye, 2002, uchunguzi mkubwa zaidi wa wanawake 16,608, wengi wao wasio na maradhi ya moyo, ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa madhara yalizidi faida. Siwaambii wanawake wasitumie homoni. Kwa mwenye joto lisilovumilika na usingizi uliotoroka zina mahali pake, na ziko hoja nzito za kuwa aanzaye mapema si sawa na aanzaye akiwa na miaka 65. Nasema tu kwamba karatasi ilipendeza na moyo haukupona.

Wala si homoni peke yake. Desemba ya mwaka 2006 ilisimamishwa dawa iliyoitwa torcetrapib, iliyokuwa ikijaribiwa kwa watu wapatao 15,000, ambayo ilipandisha HDL kwa asilimia 72 na kuteremsha LDL kwa asilimia 25. Uwiano wa kupendeza kuliko huo haukuwahi kuonekana. Na waliomeza dawa hiyo walikufa wengi kuliko wasioimeza. Ukiongeza na uchunguzi wa Copenhagen wa mwaka 2017, ulioonyesha katika watu zaidi ya laki moja kwamba HDL iliyozidi mno nayo huandamana na vifo vingi, utaona ya kuwa ile HDL tunayoiweka chini ya mstari wa kugawanya, tukiitegemea ipunguze uzito wa kilicho juu yake, si kitu thabiti tulichodhani. Uwiano hutabiri vizuri katika makundi makubwa ya watu, hilo halina ubishi. Lakini kutabiri si kusababisha, na anayekirekebisha kiashiria hajarekebisha kilichoashiriwa.

Mtu mwenye ilimu atanijibu kwa INTERHEART, na atakuwa na hoja. Uchunguzi huo wa mwaka 2004, ulioongozwa na Salim Yusuf katika nchi 52, za Afrika zikiwamo, uliona kwamba katika mambo tisa yaelezayo mashambulio mengi ya moyo duniani, uwiano wa protini mbili, ile ibebwayo na chembe mbaya na ile ibebwayo na chembe nzuri, ulikuwa katika safu ya mbele kabisa pamoja na sigara. Nakubali. Lakini uwiano huo ni wa protini, ambazo hutuambia zaidi juu ya chembe zenyewe kuliko juu ya mzigo wa kolesteroli zilioubeba, na maabara nyingi za mikoani na kaunti kwetu hazina kipimo chake. Na hata zingekuwa nacho, kile kilicho juu ya mstari, protini iitwayo apoB, ndicho chenye kufanya kazi kubwa, na kinaweza kusomwa peke yake.

Kuna na uwiano mwingine ambao umeanza kuenea kwa kasi miongoni mwa wapenda siha wa mijini, wa trigliseridi kwa HDL, na huu naona ni wajibu kuutaja kwa hofu zaidi kuliko ule wa kwanza. Kwanza, haufanani na uwiano wa kolesteroli katika jambo moja la kihesabu: kolesteroli yote na HDL hupimwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ukigawanya, jibu ni lile lile ukiwa umetumia milimoli au miligramu, lakini trigliseridi hubadilishwa kwa kadiri nyingine, hata uwiano wa 3 uliosomwa katika vitabu vya Marekani, vyenye kutumia miligramu, huwa ni 1.3 tu katika karatasi ya milimoli, na mama aonaye 2 katika karatasi yake akashukuru kuwa yuko chini ya 3 amejipongeza mahali pa kujitahadhari. Pili, na hili ni kubwa zaidi, watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na trigliseridi ndogo hata pale ambapo miili yao imekwisha kuukataa utendaji wa insulini, hivyo uwiano huo, ambao kwa Wazungu hufichua kisukari kinachonyemelea, kwa wengi wetu hunyamaza. Vipimo navyo vina makabila yao, na cha mgeni hakifai kuvaliwa kabla ya kujaribiwa.

Nani basi aliyewahi kuvijaribu kwetu? Nakumbuka kusoma habari za George Mann, tabibu wa Kimarekani, ambaye mwaka 1964 alichapisha uchunguzi wake juu ya Wamasai wa Tanganyika, watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama na ambao hata hivyo kolesteroli yao ilikuwa ndogo na mioyo yao haikuonyesha dalili za ugonjwa. Habari hiyo imezunguka dunia nzima, na hata leo hutolewa kama hoja na kila mtu anayetaka kula nyama nyingi. Waliochunguzwa walikuwa wanaume 400, na wanawake na watoto wakatajwa kama nyongeza. Baadaye, mwaka 1972, zilipofunguliwa maiti 50 za Wamasai, mafuta yalikutwa katika mishipa yao sawa na kwingineko, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Na maiti hizo zote zilikuwa za wanaume. Mama wa Kimasai aliyekoma hedhi, anywaye maziwa yale yale lakini hatembei nyuma ya ng'ombe kutwa nzima, hakuna aliyemfuata kwa miaka 24 kama walivyofuatwa wanawake wa Framingham.

Niruhusiwe na neno moja la jikoni, maana huko ndiko uwiano unakoleta upotovu wa kila siku kwa watu wa pwani. Nazi imekuwa ikisifiwa upya, si tui tu bali na mafuta yake, kwa hoja kwamba inapandisha kolesteroli nzuri. Ni kweli inapandisha. Lakini majaribio yaliyokusanywa na kuchapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mafuta ya nazi, yakilinganishwa na mafuta ya mimea isiyo ya nchi za joto, hupandisha HDL kwa miligramu 4 hivi na LDL kwa miligramu 10 hivi. Kwa hesabu ya kugawanya, mabadiliko hayo karibu hayaonekani, na mwenye kuuza mafuta hayo atakuonyesha uwiano wako akakuambia, kwa haki kabisa, kwamba haukuharibika. Kwa hesabu ya kutoa, umeongezewa mzigo. Simwambii mtu aache wali wa nazi wa Ijumaa wala samaki wa kupaka. Nitakuwa mwongo, kwani mwenyewe sitaacha. Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya tui la kukolezea mchuzi na vijiko viwili vya mafuta ya nazi vinywewavyo kila asubuhi kama dawa, na jambo hili la pili limeingia katika nyumba za wanawake wa miaka hamsini kwa kisingizio cha uwiano. Upande wa pili wako wapikao kwa mafuta ya kuganda yaliyotiwa hidrojeni kiwandani, na hapo hesabu zote mbili zinaafikiana: Mensink na Katan wa Uholanzi walionyesha tangu mwaka 1990 kwamba mafuta ya namna hiyo hupandisha LDL na kuteremsha HDL kwa pamoja.

Lawama nyingine siwezi kuiweka juu ya uwiano, bali juu ya dhana. Moyo umekaa katika fikira zetu kama ugonjwa wa mzee mwenye kitambi na cheo. Mwanamke akija na uchovu usioelezeka, pumzi fupi, kichefuchefu, maumivu ya taya au ya mgongo wa juu, huandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo, au huambiwa ni mawazo, na akiwa na karatasi yenye uwiano mzuri mkobani hata yeye mwenyewe husadiki. Ilhali maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yenye kuua wanawake wengi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote, kiasi cha thuluthi moja ya vifo vyao. Tangu mwaka 2015 Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, yenye kufanya leo matibabu ambayo zamani watu walipelekwa India kuyapata, na hilo ni la kujivunia. Lakini mgonjwa hufika huko akiwa amekwisha kupita katika zahanati mbili tatu, na huko nyuma ndiko wakati upoteako.

Ninachotaka si kigumu. Mwanamke wa nchi zetu ana kadi ya kliniki kwa kila mimba, na katika kadi hiyo huandikwa presha yake na uzito wake, na kama alipata kifafa cha mimba huandikwa. Kisha mtoto akikua kadi hutupwa, au huliwa na mchwa sandukuni, ingawa inajulikana kwamba aliyepatwa na presha au kifafa katika mimba ana hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo na kiharusi miaka ishirini au thelathini baadaye. Kadi ile isitupwe. Iendelezwe, ipate ukurasa wa miaka arobaini na kitu, ambamo pataandikwa kolesteroli yote na HDL mara moja hedhi ingali ikija, na mara moja tena mwaka mmoja baada ya kukoma, pamoja na presha, sukari, kiuno, na umri aliokoma, kwani aliyekoma kabla ya miaka 45 ana hatari yake ya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali ya kukadiria hatari ya moyo kwa kanda mbalimbali za dunia, zetu zikiwamo, yenye kutenganisha mwanamke na mwanamume, na yako hata yale yasiyohitaji kipimo cha damu kwa mahali pasipo maabara. Mhudumu aliye na kadi na jedwali hana haja ya mstari wa mwisho wa karatasi, ila kama nyongeza.

Nitaambiwa kuhusu gharama, nami sitazidharau, kwani vipimo viwili kwa maisha ni fedha kwa anayeuza maandazi. Lakini sehemu ya gharama hiyo twajiongezea wenyewe. Bado ziko zahanati zinazomtaka mama aje na njaa ya saa kumi na mbili ndipo apimwe mafuta, na mama aliyetoka mbali kwa daladala mbili, akiwa amekunywa chai ya maziwa alfajiri, hurudishwa nyumbani arejee siku nyingine, naye harejei. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walikwisha kukubaliana kwamba kwa kipimo cha kawaida kufunga hakuna ulazima, kwa kuwa kolesteroli yote na HDL hazibadiliki sana kwa chakula, na ni trigliseridi tu ipandayo kidogo, ambayo ikikutwa juu mno ndipo mtu huitwa tena hali hajala. Basi apimwe siku hiyo hiyo, na chai yake tumboni, na majibu yaandikwe kwa wino katika kadi ambayo atarudi nayo.